Popo wa Awuor, Konokono Wangu

"Akaacha shule katika kidato cha tatu kwa sababu za kifamilia." Hivyo ndivyo mwendesha ratiba alivyosoma wasifu wa marehemu, kipaza sauti kikikoroma, siku tuliyomzika Awuor kule Seme. Nilikuwa kwenye kiti cha plastiki, safu ya pili, nikahisi damu inanipanda hadi masikioni. Familia gani hiyo? Mwaka ule alioacha shule, familia ya Awuor mjini Kisumu ilikuwa mimi na shangazi yangu, na sisi hatukumwambia aache kitu chochote. Nikageuka kutazama hema la wageni wa heshima, lile lenye meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma na chupa za maji, na hapo katikati nikamwona Mzee Okumu, mzee wa kanisa siku hizi, nywele nyeupe, miwani, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa akitikisa kichwa kwa masikitiko. Kwenye ratiba alikuwa ameandikwa "mwalimu wa marehemu", azungumze kabla yangu, mimi niliyeandikwa "rafiki wa marehemu". Nina umri wa kuitwa bibi na nimeshauriwa na daktari nisikasirike. Nilikasirika.

Mwaka ninaouzungumzia ni wa mwishoni mwa miaka ya themanini, mtaala mpya ulipokuwa bado unatuchanganya sisi na walimu wetu kwa pamoja. Mimi na Awuor tulikuwa kidato cha tatu, shule ya wasichana ya kutwa ambayo sitaitaja, maana bado ipo na geti ni lilelile. Awuor alikuwa ametoka kwao Seme kuja kusoma mjini, na tulilala kitanda kimoja nyumbani kwa Waya, shangazi yangu, katika nyumba za kanjo, za baraza la mji, pale Kaloleni. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani ya Waya na vitambaa vya wateja, cha nyuma chetu, na jikoni palikuwa pembe tu ya ua yenye bati juu yake. Tulikula omena, dagaa wa ziwani, kwa ugali siku nyingi, na Waya alikuwa na mkono mzuri wa omena, akiikaanga na nyanya hadi harufu ya ziwa iishe ibaki utamu peke yake. Mvua za masika zilipoanza, konokono wakubwa walitoka chini ya mawe ya ua wakapanda ukuta. Walikuwa wakila chokaa. Asubuhi ungekuta mistari myembamba iliyokwanguliwa ukutani, na Waya akiwaokota kwa kijiko kikuukuu na kuwatupa ng'ambo ya ua, akiwatukana kwa Kijaluo mmoja mmoja.

Shuleni taabu ilikuwa popo. Nyuma ya bwalo palikuwa na mkuyu mkubwa, na popo wa matunda walining'inia humo mchana kutwa, wakidondosha kinyesi na makapi ya kuyu juu ya kamba tulizoanikia aproni za jikoni. Mwalimu mkuu, ambaye sote tulimwita Madam, alitaka mti ukatwe. Mwalimu wa bayolojia, huyo Bwana Okumu, ndiye aliyependekeza tugeuze jambo hilo kuwa mdahalo wa siku ya wazazi: popo na konokono, yupi bora. Konokono aliingia kwa sababu alikuwa anamaliza sukuma wiki za shamba la shule. Madam aliafiki mara moja, maana siku hiyo angekuja mgeni wa kutoka Nairobi aliyekuwa ameahidi kutujengea maabara, na alitaka aone wasichana wenye akili wakizungumza Kiswahili safi. Bwana Okumu alimpa Awuor popo. Mimi alinipa konokono. Akasema atatuandaa mmoja mmoja, kila mtu na siku zake.

Wakati huo sikuona ubaya wowote, na wala sijilaumu, nilikuwa mtoto. Bwana Okumu alikuwa kijana, anavaa kaunda suti ya kijivu yenye vikanda mabegani, na wageni wakija huchomeka leso nyeupe kwenye mfuko wa kifuani. Siku zangu alinipa mtungi wa kioo wenye konokono ndani, akaniambia nimtazame, akaenda zake kunywa chai. Siku za Awuor walikwenda kuutazama mkuyu hadi giza liingie. Awuor alirudi nyumbani na mambo mapya kila mara, na tulipokuwa tukimenya viazi kwenye ua tulibishana hadi Waya akatishia kutumwagia maji. Yeye alisema popo wake hupanda misitu, anakula tunda hapa anadondosha mbegu kule, wakati konokono wangu anakula anapolala na kulala anapokula. Mimi nilisema konokono ana nyumba yake, hapangi kwa kanjo. Yeye alisema nyumba gani hiyo ambayo hata mgeni mmoja haingii. Nilisema jua likizidi konokono hujifunga ndani kwa utando mgumu, akakaa miezi bila chakula wala maji, na popo wake asipokula usiku mmoja tu amekwisha. Akanirushia ganda la kiazi.

Halafu akaanza kula odowa. Kwa wasiojua, odowa ni mawe laini yanayouzwa sokoni kando ya dagaa na chumvi, na wanawake wajawazito huyatafuna. Wasichana wa shule pia huyatafuna kwa uchu tu, kwa hiyo mimi sikuwaza chochote. Waya aliwaza. Jioni moja aliona Awuor amesukuma sahani ya omena mbali na pua yake, huku shavu limejaa odowa, akaacha cherehani ikizunguka yenyewe.

"Awuor, nyara, binti yangu, unakula mawe tangu lini?"

"Ni hamu tu, Waya."

"Hata konokono inakula ukuta sababu inajenga ganda. Wewe unajenga nini?"

Awuor alianza kucheka, kisha kilio kikaja juu ya kicheko. Waya hakupiga kelele. Alimvuta kwenye benchi la cherehani, akamfuta uso kwa kipande cha kitambaa cha mteja, akauliza swali moja tu, ni nani. Awuor akasema. Nakumbuka sufuria ya ugali ikiungua na hakuna aliyenyanyuka kuiepua.

Waya aliamini kwamba mwanamke atamwelewa mwanamke. Siku ya pili alivaa nguo zake za kanisani, akafunga kitambaa kichwani, akaenda kwa Madam ofisini. Alirudi amechangamka kidogo. Madam alikuwa amemshika mikono, amemwita dada, amemwambia atalishughulikia. Awuor alitaka kitu kimoja, na alikisema wazi mbele yetu wote wawili: aruhusiwe kujifungua kisha arudi kufanya mtihani wa kidato cha nne. Hakutaka ndoa, hakutaka mbuzi, hakutaka kuombwa msamaha. Alitaka kurudi darasani. Waya alisema Madam ameahidi.

Ahadi hiyo niliisikia mwenyewe ikivunjwa. Nilikuwa nimeingia stoo ya darasa la bayolojia kumwekea konokono wangu majani, mlango umerudishwa nusu, Madam na Bwana Okumu wakaingia darasani wakidhani hakuna mtu.

"Umeharibia shule jina, Okumu."

"Madam, ni shetani tu."

"Wachana na shetani. Shetani hafundishi hapa."

Nilifurahi. Nilisimama na mtungi mkononi nikifurahi, nikingoja amfukuze. Madam akavuta kiti, akakaa, na alipozungumza tena sauti ilikuwa ya mtu anayepanga ratiba ya usafi.

"Sasa nifanye nini? Nikikutoa, fomu foo watasoma bayo na nani? Mwalimu wa bayo nitatoa wapi saa hii? Wasichana wako wengi."

"Asante, Madam."

"Usiniambie asante. Huyo mtoto abaki mpaka siku ya wazazi ipite, hakuna mwingine anaweza kuongea mbele ya mgeni kama yeye. Akishaongea, Jumatatu aende kwao. Kimya kimya."

Wasichana wako wengi. Nimezeeka na maneno hayo. Yamenijia nikipika, nikisahihisha mitihani, nikiwa kanisani watu wamefumba macho. Kinachoniuma hata leo si kwamba Madam alikuwa mkatili, maana hakuwa. Alitununulia sodo kwa fedha zake, alilia msichana wa kidato cha kwanza alipokufa kwa malaria. Kinachoniuma ni kwamba alipiga hesabu yake kwa utulivu, akaona Awuor ana kazi moja tu iliyobaki, ya kuiletea shule maabara, tena maabara ya bayolojia, tena ya Bwana Okumu. Nilimwambia Awuor yote jioni ileile, kwenye kamba ya nguo. Alikuwa anakamua shati lake la shule. Aliendelea kulikamua hadi maji yalipokwisha, kisha akasema, "Basi nitaongea vizuri." Nilimwambia asiende kabisa, awakomoe, mgeni akose msemaji. Alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama. Alisema akijifungia nyumbani atakuwa konokono wangu, na yeye amepewa popo.

Siku ya wazazi bwalo lilijaa. Mgeni wa Nairobi alikaa mbele na soda yake, Madam kulia kwake, na kwenye kiti cha spika Bwana Okumu, kaunda suti imenyooka, leso nyeupe kifuani. Waya alikaa nyuma karibu na Mama Njeri, mama wa mwenzetu wa darasani, aliyekuwa na hoteli ya chai na mandazi pale Kondele. Awuor alisimama. Sweta ilimficha bado. Alianza na misitu na mbegu, watu wakapiga makofi, mgeni akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akaweka karatasi chini.

"Bwana Spika, popo wa mkuyu wetu huzaa mtoto mmoja. Hamfukii kwenye udongo akaenda zake, kama afanyavyo konokono na mayai yake. Humbeba kifuani, akaruka naye mpaka kwenye matunda, akala, akarudi naye. Na sijaona mti uliomwambia, wewe una mtoto, usije kula hapa tena."

Watu walicheka. Akina mama walicheka zaidi kuliko wengine.

"Mtauliza, dume yuko wapi? Dume ana vishungi vyeupe mabegani. Mchana huvificha ndani ya ngozi, hutavijua. Giza likiingia huvitoa, akaanza kuimba kwenye tawi lake mpaka mmoja aje. Akishampata, kesho huimbia mwingine, tawi lilelile. Kumlea mtoto haimo katika kazi zake. Wala hafukuzwi kwenye mti. Tuliuchunguza mti huu pamoja, Bwana Spika, mimi na wewe, tukaona ndivyo ilivyo. Kwa hiyo nasema popo ni bora, lakini namtetea jike. Dume atafute wakili wake."

Mgeni alicheka sana akapiga meza. Alikuwa mwanamume peke yake aliyecheka hadi mwisho. Akina mama walikuwa wamenyamaza, mmoja baada ya mwingine, na wakaanza kumtazama spika, kisha sweta ya Awuor, kisha spika tena. Bwana Okumu alipeleka mkono kwenye leso ajifute jasho, akakumbuka leso ile ina rangi gani, akaushusha mkono. Ilikuwa zamu yangu. Nilisoma nilichokuwa nimeandika tangu mwanzo, sikuongeza hata neno: kwamba konokono hana dume wala jike, kila mmoja ni baba na ni mama, na wakikutana wawili wote wawili huondoka na mayai. "Hakuna anayebaki mwepesi," nilisoma, na bwalo likaguna kiasi kwamba Madam alisimama kabla sijakaa.

Bwana Okumu alitangaza konokono ameshinda. Popo, alisema, alitoka nje ya mada. Mama Njeri akainuka kule nyuma bila kuitwa. "Aii, mwalimu, hata mtoto mdogo anaona huyu wa popo ndiye ameshinda. Wewe unaogopa nini?" Madam akasema tuendelee na ratiba. Nilipewa thamosi nyekundu yenye maua, mgeni akanishika mkono, akaahidi maabara mbele ya wote. Jumatatu Awuor alirudishwa getini. Hawakumruhusu hata kufika kwenye dawati lake. Vitabu nilimbebea mimi. Waya alikwenda tena ofisini, nguo zilezile za kanisani, akaambiwa Madam yuko mkutanoni, na alingoja kwenye benchi la nje hadi kengele ya mwisho. Thamosi niliiweka mezani nyumbani. Waya aliitazama siku nzima.

"Chai ya hiyo kitu siwezi kunywa," alisema. "Toa hapo."

Niliipeleka kwa mwenye duka nikabadilisha na mkaa. Awuor alichukuliwa na Mama Njeri, akapewa kazi na chumba nyuma ya hoteli, maana kwetu hapakuwa na nafasi ya mtoto. Watu walisema mengi kuhusu hilo, mbona Mkikuyu, mbona si jamaa zake, na Mama Njeri aliwajibu wote kwa jibu moja, kwamba wao walikuwa wapi. Wiki chache baada ya siku ya wazazi mkuyu ulikatwa. Nilikuwa darasani, nikawaona popo wakitoka mchana kweupe, wamechanganyikiwa na jua, na majike wenye watoto wakiruka chinichini kwa uzito. Hakuna aliyemwacha wake. Adhiambo alipozaliwa, Awuor alimfunga kifuani kwa kanga na kuchoma mandazi naye, mtoto amegeuziwa upande wa pili wa moto, kisha mgongoni alipokua kidogo, na miaka ikapita hivyo, Mama Njeri akamwachia hoteli. Mara mbili aliomba kurudi shule. Mara ya kwanza walimwambia ni kanuni, mara ya pili walimwambia umri. Alikuwa ananiuliza maswali ya kitabu changu huku akigeuza mandazi, na alikuwa bado mwepesi kuliko mimi. Mimi nilisomea ualimu wa bayolojia. Watu hudhani nilipenda wanyama. Nilisoma kwa hasira, ili nikiwa hai asiwepo mwalimu mkuu hata mmoja katika mji huu wa kusema mwalimu wa bayo atamtoa wapi. Okumu alipanda vyeo. Akawa mwalimu mkuu, akawa mkaguzi, akastaafu, akawa mzee wa kanisa.

Na sasa alikuwa amesimama kando ya jeneza la Awuor na kipaza sauti mkononi, akisema marehemu alikuwa na kipaji cha kuzungumza, na kwamba ni masikitiko mambo ya kifamilia yalimkatiza. Alimaliza kwa sala. Watu wakasema amina. Mwendesha ratiba akaita jina langu, akanikumbusha nina dakika chache kwa sababu padri ana mazishi mengine. Nilipopita mbele ya kiti cha Adhiambo, mwanamke mzima sasa, mwenye paji la uso la Okumu, ambalo kila mtu kwenye hema la wageni angeweza kuliona akitaka, alinishika mkono akanivuta sikio langu lifike mdomoni kwake.

"Ratiba niliandika mimi, Mama Anyango. Yeye kwanza, wewe baadaye. Mama alisema wewe ndiye ulishinda na hukupenda. Rudia maneno yake ya popo."

Sikuwa nimebeba karatasi yoyote. Sikuihitaji. Nilisema, "Bwana Spika, popo huzaa mtoto mmoja," nikaendelea, mti, matunda, kifua, na vijana wakacheka walipocheka watu wa siku ile, mahali palepale. Nilipofika kwenye vishungi vyeupe wanawake walikuwa wamenyamaza. Okumu aliinuka, akachukua fimbo, akaelekea kwenye gari lake, na gari lilikuwa limezibwa na lori lililoleta mahema. Dereva wa lori alikuwa amekwenda ziwani kuoga. Mwendesha ratiba alikuja kwangu akinyoosha mkono achukue kipaza sauti, akisema muda wangu umekwisha, na Adhiambo akasema kwa sauti ya kawaida tu, kutoka kitini, "Mwache amalize." Okumu alisimama kando ya gari lake, mkono kwenye mlango usioweza kumpeleka popote. Kijana mmoja mwenye adabu akambebea kiti cha plastiki. Akakaa. Nilikuwa nimezungumza Kiswahili kwa ajili ya wageni wa mjini, na kule nyuma nikaona akina nyanya wa Seme wakiulizana nimesema nini. Basi nikaanza upya, kutoka mwanzo, kwa Kijaluo, polepole, asikose neno hata mmoja wao.